Nyoka haipendi mutu, inazoea tu: namna ya kuzoesha nyoka mugeni ku mukono

Ku Kolwezi, nyoka ikionekana mu lupango, kitu cha kwanza watu wanatafuta ni fimbo. Mama anapiga kelele, vijana wanakuja na jembe, na kisha dakika chache mambo imeisha. Ku Kasulo, ku Kapata, ku Musonoi, ni vile vile. Hakuna mwenye kuuliza kama nyoka ile iko na sumu ao hapana. Wanapiga kwanza, wanauliza kisha.

Lakini saa ingine kuko kijana mwenye kufanya tofauti. Ameona ku telefone watu wa Ulaya na Marekani wakivaa chatu shingoni kama kitambaa cha baridi. Anakamata nyoka ndogo ya rangi ya udongo nyuma ya jiko, anaiweka mu bidoni yenye matundu, na kesho yake anataka kuishika. Nyoka inajikunja, inapuliza, inamuuma kidole. Kijana anasema nyoka hii ni mubaya. Nyoka nayo, kama ingeweza kusema, ingesema vile vile juu yake.

Hawa wawili wanaweza kukaa pamoja, lakini inaomba mambo mbili. Kijana anapashwa kujua bila shaka ni nyoka gani iko mbele yake. Kisha anapashwa kujua nyoka ile inaogopa nini. Jambo la kwanza linaokoa maisha yake yeye. La pili linaokoa nyoka.

Kwanza: ni nyoka gani?

Kati ya nyoka za huku kwetu Katanga, yenye kufaa zaidi kwa mutu anayeanza ni nyoka ya nyumba, ile wenye elimu wanaita Boaedon. Ni nyoka ya kahawia, haina sumu ya kuumiza mutu, na mara nyingi haifiki metre moja. Inatoka usiku, inakula panya na mijusi. Ku kila upande wa kichwa iko na mistari mbili ya rangi nyepesi, moja ikipita ku jicho, ingine ikishuka kuelekea ku pembe ya kinywa. Inakaa karibu na watu kwa sababu panya wanakaa karibu na watu. Ku inchi za inje, watu wengi wanaifuga mu nyumba kama vile huku tunafuga paka.

Nyoka hizi si kitu kipya kwa elimu. Mubelgiji Gaston-François de Witte aliongoza kazi ya kutafuta wanyama mu hifadhi ya Upemba, iliyoundwa mu 1939. Kazi ile ilifanyika kati ya 1946 na 1949, na mu 1953 kikatoka kitabu chake kizima juu ya nyoka, mijusi na ndugu zao wa kule. Upemba yenyewe imetoa jina kwa moja ya nyoka za nyumba: Boaedon upembae.

Matata ni kwamba kuko nyoka zingine zenye kuonekana pole vile vile. Moja ni nyoka ya chini ya udongo, Atractaspis. Ni ndogo, nyeusi ao kahawia, kichwa chake hakipiti shingo kwa unene, na inapenda kutoka usiku kisha mvua. Mukulima na muchimbaji wanaweza kuikuta wakifungua udongo. Meno yake ya sumu yanatokea pembeni ya kinywa, hata kinywa kikiwa kimefungwa. Mutu akiibana nyuma ya kichwa, sawa vile wanafanya mu video, inageuza jino moja na kumuchoma kidole kile kile chenye kuibana. Hakuna namna ya kuishika kwa mukono bila hatari.

Mutu asijidanganye kwamba anajua nyoka juu ameziona nyingi. Karl Patterson Schmidt, Mumarekani wa Chicago, alijua nyoka za Kongo kuliko karibu kila mutu wa wakati wake. Mu 1923 alitoa kitabu juu ya nyoka za Kongo, zile zilizokusanywa na wajumbe wa museum ya New York waliozunguka inchi hii tangu 1909 mupaka 1915. Mu mwezi wa 9 wa 1957, bustani ya wanyama ya Chicago ilimupelekea nyoka ndogo, atambue ni gani. Ilikuwa nyoka ya miti, ile wazungu wanaita boomslang, bado mutoto. Ikamuuma kidole gumba. Schmidt hakuenda kutunzwa. Alirudi nyumbani, akakaa akiandika ginsi mwili wake unajisikia, na kesho yake akafa.

Mu 1975 ikawa zamu ya Robert Mertens, mwalimu mukubwa wa Ujerumani. Yeye aliumwa na nyoka aliyokuwa anafuga nyumbani, wakati wa kuipa chakula. Ilikuwa Thelotornis, nyembamba kama kijiti cha muti. Akafa kisha siku 18. Nyoka zile mbili ziko mu pori ya Katanga vile vile.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ni fupi: nyoka yenye mutu hana hakika nayo, asiishike. Picha moja ya telefone haitoshi. Na nyoka ya sumu haizoeshwi. Kobra yenye kutema, koboko, ao kifutu, ile fupi na nene yenye kulala mu njia, inaweza kukaa miaka mu sanduku na siku moja ikauma sawa siku ya kwanza. Mahali nyoka zinafugwa kwa kazi, kama ku Bio-Ken ya Watamu, ku Kenya, iliyoanzishwa mu 1980, wenye kazi wanatumia vijiti vya chuma vyenye kupinda na wanafuata masharti kali.

Na chatu, ile wengi ku Kongo wanaita boa? Haina sumu, lakini inakua kupita metre 4 na iko na nguvu ya kunyonga mbuzi. Chatu zote zinalindwa pia na mapatano ya mataifa yenye kuitwa CITES, na haziuzwi kupita mipaka bila karatasi. Lupango yenye watoto wadogo si fasi yake.

Inaogopa nini?

Watu wanawaza nyoka inauma juu iko na kasirani. Mara nyingi inauma juu inaogopa. Mu pori, kitu kikubwa chenye kushuka toka juu ni mwewe, ao ni mutu na fimbo. Mukono wa mutu wenye kuingia mu sanduku kupitia juu unafanana kabisa na mwewe.

Nyoka haina masikio ya inje, lakini inasikia mutetemeko kupitia mwili na mufupa wa taya. Ku Kolwezi hii si jambo ndogo. Makamioni ya migodi yanapita muchana na usiku, baruti inapasuka ku mashimo makubwa, na ku bar ya jirani muziki inapiga mupaka asubui. Sanduku yenye kuwekwa chini ku simenti, karibu na barabara, inatetemeka kila saa. Nyoka iliyo ndani haijui ni kamioni. Inajua tu kwamba kitu kikubwa kinakuja.

Tena inanusa kwa ulimi. Mutu aliyetoka kushika panya, kisha akaingiza mukono, ameijulisha nyoka kwamba chakula kimefika. Ikiuma, haikukosa.

Nyoka yenye kuogopa inaonyesha mbele ya kuuma. Inakunja shingo sawa na herufi S, inapuliza, inatikisa mukia, ao inaachilia harufu mubaya. Yenye kutulia inatoa ulimi polepole na inatembea bila haraka. Mwenye kufuga anapashwa kusoma alama hizi sawa vile dereva anasoma barabara.

Na asitazamie mengi. Nyoka haitakuja ku mulango kumupokea kama imbwa. Inaweza kujifunza kitu kimoja tu: mukono huu haunikuli. Kazi yote ya kuzoesha iko hapo.

Wiki mbili za kwanza: mikono mbali

Wengi wanaharibu kazi hapa. Nyoka imefika leo, na jioni ile ile watoto wote wa kartier wanataka kuigusa. Inaomba kinyume. Wiki ya kwanza, hakuna kushika kabisa. Mutu anabadilisha maji, anatoa uchafu, anafunga.

Sanduku ya plastiki yenye kifuniko cha kufunga sana na matundu madogo inatosha. Nyoka inapita mu tundu lolote lenye kichwa chake kinaweza kupita, kwa hiyo kifuniko si jambo la kuchezea. Ndani, karatasi ya gazeti chini, chombo kizito cha maji, na maficho mbili: kipande cha chungu, ao kartoni ndogo yenye mulango. Maficho ni muhimu kuliko vyote. Nyoka yenye fasi ya kujificha inatulia haraka. Yenye kukaa wazi inakaa na woga muchana na usiku, na nyoka yenye woga haili. Sanduku iwekwe juu ya meza ao kabati, mbali na jua la dirisha, mbali na muziki.

Kisha siku 7 hivi inapewa chakula: panya mudogo, unene wake usipite sana unene wa nyoka katikati. Ikikula mara mbili ao tatu bila matata, hapo ndipo kazi ya mukono inaweza kuanza. Yenye kukataa kula haiko tayari kushikwa. Ni hesabu rahisi, na inasaidia mutu asiye na uvumilivu kujua anasimama wapi.

Siku ya kwanza ya mukono

Mbele ya yote, mutu ananawa mikono na sabuni, harufu ya panya na ya chakula itoke. Akimaliza kushika ananawa tena, kwa sababu nyoka zinaweza kubeba mikrobe ya salmonella, yenye kuhara na homa. Watoto wadogo wasiweke mikono mu kinywa kisha kugusa nyoka, na chombo cha nyoka kisioshwe fasi moja na sahani.

Kisha anafungua polepole na kuondoa maficho. Mukono unaingia kwa upande, chini chini, si kupitia juu, na hauendi ku kichwa. Unagusa mwili katikati. Watu wengine wanagusa kwanza kwa kijiti laini, nyoka ijue si saa ya chakula. Kama inatulia, mukono unapita chini ya tumbo na kuinua. Nyoka yote ipate pa kulala: ile yenye kuachwa ikining'inia inawaza inaanguka, na inashika kwa nguvu ao inauma.

Hakuna kubana, hakuna kukamata shingo. Nyoka ikitaka kutembea, itembee. Mukono mumoja unatoka nyuma na kuja mbele, sawa na barabara isiyoisha. Mutu akae chini, mikono iwe karibu na meza ao magoti, juu kuanguka toka urefu wa mutu kunaweza kuvunja mbavu za nyoka.

Mara ya kwanza, dakika 5 zinatosha. Kisha inarudishwa wakati bado imetulia. Mara mbili ao tatu kwa wiki, polepole mupaka dakika 10 ao 15. Zile zenye kuzaliwa mu nyumba zinazoea mbio. Ile iliyokamatwa nyuma ya jiko inaweza kuomba miezi, na zingine hazizoei hata kidogo.

Kuko siku za kuacha nyoka kabisa. Ikikula, isishikwe kwa saa 48, la sivyo itatapika panya, na kutapika kunaichokesha sana. Macho yakigeuka meupe sawa na maziwa, ni kwamba inataka kuvua ngozi: haioni vizuri, inaogopa kila kitu. Mutu angoje mupaka ngozi itoke.

Ikiuma

Nyoka ya nyumba ikiuma, ni mukwaruzo na damu kidogo. Mutu asivute mukono kwa nguvu, kwa sababu meno ya nyoka yanapinda kuelekea ndani: kuvuta kunapasua ngozi ya mutu na kuvunja meno ya nyoka. Atulie, iachilie yenyewe, kisha aoshe kidonda kwa maji na sabuni. Asiitupe, asiipige. Na asiirudishe mara moja kwa hasira. Aishike polepole dakika moja ingine kama anaweza, kisha airudishe ikiwa imetulia.

Yote hii ni kwa nyoka yenye kujulikana. Kama nyoka haijulikani, hesabu ni ingine kabisa, na saa inaanza kutembea. Mu 2017, shirika la afya la dunia, OMS, liliweka sumu ya nyoka ku orodha ya magonjwa yenye kusahauliwa. Linakadiri kwamba nyoka zinaua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Wengi ni watu wa vijiji na mashamba, wenye kufika ku munganga wakiwa wamechelewa.

Aliyeumwa alazwe, mukono ao muguu usitembezwe, pete na bangili zitolewe mbele ya kuvimba, na apelekwe haraka ku hospitali. Kupasua na wembe, kunyonya, kufunga kamba kali, kuweka jiwe nyeusi: hizi zinapoteza wakati, na zingine zinaongeza kidonda. Kama ni kobra yenye kutema na sumu imeingia mu macho, yaoshwe na maji mengi mara moja. Na hakuna haja ya kukimbilia nyoka ili kuileta ku hospitali. Mutu wa pili anaumwa hivyo.

Baridi ya kipwa

Kolwezi iko juu, kupita metre 1,400. Mu mwezi wa 6 na wa 7, usiku unakuwa na baridi ya kweli. Nyoka haina moto wake yenyewe mu mwili, inaazima wa inje. Ikikula panya na kisha ikipata baridi, panya anaoza mu tumbo mbele ya kuyeyuka, na nyoka inatapika ao inakufa.

Wenye umeme wanaweka taa ndogo inje ya sanduku, ku upande mumoja tu, upande wa joto ukifika degre 28 ao 30, ule mwingine ukibaki wa baridi kidogo. Nyoka inachagua yenyewe. Umeme ukikatika, chupa ya maji ya moto yenye kufungwa mu kitambaa, ikiegemezwa inje ya sanduku, inasaidia saa chache. Ku kipwa, wengi wanapunguza chakula na kuacha kushika wakati wa asubui, juu nyoka ya baridi ni nyoka yenye kujiona haina nguvu ya kukimbia. Isiyoweza kukimbia inauma.

Majirani watasema nini?

Hii ndiyo hatari yenye video za inje hazionyeshi. Mu Katanga, nyoka si munyama tu. Mu miaka ya 1970, nyumba nyingi za Lubumbashi na miji ya migodi zilikuwa na picha ya mamba muntu ku ukuta wa sebule: mwanamuke nusu samaki, mara nyingi na nyoka karibu naye, mwenye kuleta mali kwa yule anayetunza siri yake. Kwa Balunda, huku na ngambo ya Zambia, watu wanasimulia ilomba, nyoka ya bulozi yenye sura ya bwana wake, yenye kulishwa mu siri na yenye kuua ndugu.

Mu muji wenye hadithi hizo, kijana mwenye kuficha sanduku chini ya kitanda anajitafutia matata. Siku akipata makuta ku shimo ao akinunua pikipiki, maneno inaanza: "Munaona? Ni ile nyoka yake." Siku mutoto wa jirani akigonjwa, maneno inakuwa mubaya zaidi, na watu wamekwisha kufukuzwa mu malupango kwa maneno madogo kuliko hiyo.

Ku Tanzania, karibu na Mwanza, Wasukuma wako na chama cha Bayeye, watu wa nyoka. Hans Cory aliandika juu yao mu 1946. Wako na siri zao na dawa zao, na kuingia kunaomba kufundishwa na wakubwa, lakini ngoma yao na chatu inachezwa mu uwanja, mbele ya watu wote. Kijana wa Kolwezi hana chama nyuma yake. Lakini anaweza kufanya kazi yake wazi.

Mbele ya kuleta nyoka, aombe ruhusa ya wazazi na ya mwenye lupango. Chefu wa kartier ajulishwe. Majirani waonyeshwe muchana, sanduku ikiwa imefungwa, na waambiwe jina yake, chakula yake, na kwamba haina sumu. Atakayekataa aheshimiwe: nyoka isipite ku mulango wake. Kama watu wa lupango wanakataa wote, jibu limepatikana, na nyoka inabaki inje.

Kuiacha iende

Nyoka iliyokamatwa, ikikataa chakula mara tatu ao ine mufululizo, ao ikiendelea kupiga kifuniko kwa pua mupaka pua inatoka damu, imejibu nayo. Irudishwe jioni mahali ilitoka ao karibu yake, penye majani na mawe, mbali na barabara. Haipelekwi ku upande mwingine wa muji, juu kule haijui maficho wala maji.

Hapo haitakuwa imepotea. Itarudi ku kazi yake ya usiku, kupita nyuma ya jiko na kufuata panya wenye kutoboa magunia ya bunga. Kijana naye, hata kama hakuivaa shingoni hata siku moja, amejua sasa mistari mbili ya ku kichwa. Siku mama ataita tena na wengine watakimbilia jembe, yeye atasimama mbali, atapiga taa ya telefone, ataangalia mbele ya mutu kupiga. Akiona ni ile, atawaambia. Akiwa hana hakika, atawarudisha wote nyuma.